Kata Nyasi Mwezi wa Tano, Usingoje wa Nane



Mwezi wa Tano hapa Katavi nyasi ni nyingi kuliko midomo ya kuzila. Ng'ombe anashiba karibu na boma. Mwezi wa Tisa ng'ombe huyo huyo anatembea kutwa nzima na kurudi zizini ubavu umeingia ndani, na mama akikamua anapata kikombe ambacho hakimtoshi mtoto wala ndama. Mvua ya Novemba ikishuka, maksai wa plau hawana nguvu ya kuvuta, na shamba linalimwa nusu. Ndipo wengine hushawishika kuswaga mifugo kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako kulisha ni marufuku. Hasara ya mifugo kukamatwa humo mnaijua.

Nyasi za mwezi wa Tano zinaweza kuliwa mwezi wa Tisa, zikikatwa kwa wakati wake, zikakaushwa na kuwekwa mahali pakavu. Nyasi hizo ndizo tunaziita hei.

Wengi wenu mnaijua ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 uliifufua ngitili katika vijiji vingi. Ni utaratibu mzuri na usiuache. Lakini nyasi za ngitili hukaukia zikiwa zimesimama, ubora wake hushuka kila wiki, na moto mmoja wa Julai humaliza zote usiku mmoja. Hei haina hasara hizo mbili, ila inadai jasho mapema.

Lini ukate

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Nyasi hukatwa zinapoanza kutoa maua. Zikishakomaza mbegu, majani hupukutika, shina huwa gumu kama kuni, na protini hupungua. Nyasi ikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe, vile vinavyomsaidia kumeng'enya majani, navyo hukosa chakula. Ng'ombe anajaza tumbo na bado anakonda. Ndiyo maana nyasi zilizokatwa mwezi wa Nane, hata zikiwa lundo kubwa, zinafaa zaidi kuezekea kuliko kulisha.

Taabu ya huku kwetu ni kwamba nyasi nyingi hutoa maua mvua ikiwa bado inanyesha, na nyasi zikilowa baada ya kukatwa huoza. Fanya hivi: chagua eneo lako la hei, kisha mwezi wa Pili au mwanzoni mwa wa Tatu lilishe au likate, uwape ng'ombe zikiwa mbichi. Halafu lifunge. Zitakazochipua upya zitafika kwenye maua mwishoni mwa Aprili au mwezi wa Tano, jua likianza kutulia. Kata kwenye shamba lako, au kwenye malisho ya kijiji kwa idhini ya serikali ya kijiji. Usikate ndani ya hifadhi, wala pembeni mwa shamba la tumbaku au pamba lililopigwa dawa karibuni.

Ukatie nini

Panga linachosha mgongo na kupoteza nyasi. Mundu wa kuvunia mpunga ni mzuri kuliko watu wanavyoudhani: unakata safi, nyasi zinabaki zimelala upande mmoja, na kila mtu nyumbani anaweza kuushika. Fyekeo, au kwanja, ni la haraka zaidi. Linoe kila mara, maana likiwa butu linachana nyasi badala ya kukata. Acha kimo cha sentimita 10 kutoka ardhini ili shina lichipue tena, na ili usikusanye udongo pamoja na chakula.

Mtu mwenye eneo kubwa, au kikundi, anaweza kufikiria mashine ya petroli ya kuvaa begani. Ifungie kisu cha chuma, si uzi wa nailoni, kwa sababu uzi unasagasaga nyasi na hazifungiki. Mchanganyiko wa petroli na oili ufuate kitabu cha mashine, la sivyo injini itakufa msimu wa kwanza. Vaa miwani na viatu vigumu, na watoto wakae mbali, jiwe likirushwa na kisu linatoboa jicho.

Tunaulizwa pia kuhusu mashine za kukatia nyasi za bustani, pamoja na zile za umeme zisizo na magurudumu, zinazoelea juu ya upepo zinaousukuma chini. Ni nyepesi kuzungusha huku na huku, na kwa uwanja wa nyumba ya wageni mjini zinafaa sana. Lakini zimetengenezwa kwa nyasi fupi za kupendezesha macho. Kwenye nyasi za kufika kiunoni zinakwama, na kile kidogo zinachokata hutoka vipande vipande. Pesa hiyo nunulia mundu, kamba na mabati.

Kukausha na kufunga

Tandaza nyasi palepale ulipokatia kwa siku 2 hadi 3, ukizigeuza kila siku. Wingu likija jioni, zikusanye vichuguu vidogo na kuzitandaza tena asubuhi. Kupima, chukua konzi na kuipinda kwa nguvu: ikitoa unyevu bado, ikianza kukatika huku rangi ikiwa na ukijani, ziko tayari. Hei iliyofungwa mbichi huota ukungu, na lundo kubwa huweza kupata joto mpaka likawaka lenyewe.

Tengeneza kasha la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Laza kamba mbili ndani, jaza nyasi, vijana wazikanyage, jaza tena, kisha funga kamba na uinue kasha. Robota lililoshindiliwa vizuri lina karibu kilo 20.

Sasa piga hesabu. Kundi zima hutaliweza, na usijaribu. Chagua ng'ombe wanaonyonyesha, ndama walioachishwa, na maksai wa plau. Mmoja akipewa kilo 3 kila jioni juu ya anachookota machungani, kwa siku 100 anahitaji kilo 300, yaani marobota 15. Wanyama 6 ni marobota 90. Familia ikifunga 6 kwa siku, hiyo ni kazi ya siku 15. Majani ya karanga yakianikwa mara tu baada ya kung'olewa yana protini kuliko nyasi nyingi, kwa hiyo yafunge nayo, uwawekee ndama.

Panga marobota juu ya magogo, sentimita 20 au zaidi kutoka chini kwa ajili ya mchwa, chini ya paa lisilovuja, mbali na jiko. Safisha ukanda wa mita 5 kuzunguka banda ili moto wa porini usifike.

Mwezi wa Nane ng'ombe wakianza kurudi na njaa, anza kulisha. Weka hei kwenye hori, si chini wanapoikanyaga na kuikojolea, na wapate maji na chumvi. Robota lenye ukungu mweusi au harufu ya kuoza lichome, usimpe mnyama yeyote, hasa jike mwenye mimba, kwani laweza kumfanya atupe.