Kampuni: Piga Hesabu ya Kuitunza Kabla ya Kuisajili

Nikiulizwa kufungua kampuni Tanzania ni shilingi ngapi, hutaja kiasi halafu huongeza: hiyo ndiyo sehemu rahisi. Mimi na mwenzangu tuna kampuni ndogo ya kusambaza vifaa vya ofisi Dar es Salaam, na ada ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ndiyo bili iliyotuumiza kidogo kuliko zote.

Kusajili

Maombi hufanyika mtandaoni, na wakurugenzi wawe na namba za NIDA na TIN mkononi. Ada hufuata mtaji wa hisa mnaoutaja: ukizidi milioni 1 hadi milioni 5 ni shilingi 175,000, ukizidi milioni 50 ni 440,000. Juu yake kuna 66,000 ya kuwasilisha nyaraka na 6,200 ya ushuru wa stempu. Sisi tuliandika milioni 5, jumla ikawa 247,200. Msiandike mamia ya milioni ili muonekane wakubwa: mtalipa ada zaidi, na hisa uliyoichukua bila kuilipia ni deni lako kwa kampuni.

Katiba ya kampuni tuliandikiwa na wakili. Bei yake ni maelewano, kwa hiyo uliza mapema kama ada za serikali zimo ndani yake.

Kutunza

Hapa ndipo fedha huendelea kutoka, biashara iwepo isiwepo:

- Taarifa ya mwaka BRELA: 22,000. Ukichelewa, faini ni 2,500 kila mwezi. Mwaka mmoja wa kuchelewa ni 30,000, kupita ada yenyewe.
- Leseni ya biashara, kila mwaka.
- Mhasibu na mkaguzi. Hesabu za kampuni hupelekwa TRA (mamlaka ya mapato) zikiwa zimekaguliwa, ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Kwetu hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote za makaratasi, nasi huitengea fedha kila mwezi.
- Makadirio ya kodi, yanayolipwa kwa awamu nne.
- Pango: kampuni hukata asilimia 10 ya kodi ya nyumba na kuipeleka TRA. Liandikeni hilo kwenye mkataba, mwenye nyumba asije akadai pungufu.
- Wafanyakazi: NSSF asilimia 20 ya mshahara, jumla ya mwajiri na mfanyakazi, pamoja na mchango wa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi).

Faida ikipatikana

Chukua faida ya milioni 10. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, zinabaki milioni 7. Mkigawana gawio, hukatwa asilimia 10 nyingine: mfukoni zinaingia milioni 6.3. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anaweza kukadiriwa kodi kwa mauzo. Kampuni haina njia hiyo.

Basi nani afungue?

Kampuni hukinga nyumba na shamba lako dhidi ya madeni ya biashara, ingawa benki ikitaka udhamini wako binafsi, kinga hiyo hupungua. Ifungue ukiwa na mbia, au mteja asiyeweza kukupa zabuni bila kampuni. Vinginevyo sajili jina la biashara kwa 20,000, uza, weka kumbukumbu. Siku faida ya kawaida itakapoweza kumlipa mhasibu na mkaguzi bila kugusa mtaji, nenda BRELA.