SOMO LA AFYA: Kwa Nini Pombe Huharibu Ini la Mmoja na Kumwacha Jirani Yake?



Liko swali ambalo husikika mara kwa mara misibani: "Marehemu alikunywa kama wenzake, mbona wenzake wangali wazima?" Kwa kukosa jibu, baadhi ya familia huangukia katika tuhuma za kurogwa. Mgonjwa aliyevimba tumbo huzungushwa kwa waganga miezi mingi, undugu huvunjika, na anapofikishwa hospitali muda wa kumsaidia umekwisha kuyoyoma. Somo la toleo hili linaeleza vihatarishi vya ugonjwa wa ini kusinyaa, ambao wataalamu huuita sirosisi, unaotokana na unywaji wa pombe.

Ini na safari ya uharibifu

Ini hukaa upande wa kulia, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima huwa na uzito wa takriban kilo moja na nusu. Huchuja sumu katika damu, hutengeneza protini zinazosaidia damu kuganda, huhifadhi sukari ya akiba na huzalisha nyongo ya kusaga mafuta. Sehemu kubwa ya kilevi anachokunywa mtu huvunjwavunjwa humo. Katika kazi hiyo huzalishwa kemikali iitwayo asetaldehaidi, yenye sumu kwa chembe hai za ini.

Uharibifu huanza kwa mafuta kujikusanya ndani ya ini. Hatua hii kwa kawaida haina maumivu, na mtu akiacha pombe, mafuta hayo hupungua ndani ya majuma machache. Akiendelea, ini laweza kupata uvimbe na kuungua kwa ndani. Na kila jeraha linapopona huacha kovu. Makovu yakizidi, ini hukakamaa, damu hushindwa kupita vyema ndani yake, na kazi zake hudorora. Huo ndio usinyaaji. Makovu ya hatua hiyo kwa sehemu kubwa hayafutiki.

Wengi wa wanaokunywa kupita kiasi kwa miaka mingi hupata mafuta katika ini, lakini ni takriban mmoja hadi wawili kati ya kumi wanaofikia usinyaaji. Tofauti hiyo huletwa na vihatarishi vifuatavyo.

1. Kiasi na miaka ya kunywa

Hiki ndicho kihatarishi kikuu. Ini halitofautishi bia, mvinyo, mbege, ulanzi wala gongo. Linahesabu kilevi kilichomo. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina takriban gramu 55, sawa na karibu bia tatu. Hivyo anayesema "nakunywa kachupa kamoja tu kila jioni" huenda anamzidi yule anayeonekana na bia mbili mezani. Pombe ya kienyeji haina lebo, na ukali wake hubadilika kwa mpishi na kwa siku; mnywaji hawezi kujua amefikisha kiasi gani. Mwezi Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya.

2. Namna ya kunywa

Anayekunywa kila siku halipi ini nafasi ya kupumua. Kunywa bila kula huongeza hatari zaidi. Wala mtu asijidanganye kwamba kwa kuwa halewi, ini lake ni imara: ubongo huzoea pombe, lakini ini huendelea kuumia. Anayehimili chupa nyingi bila kuyumba ndiye aliye karibu zaidi na hatari, kwa sababu ndiye anayekunywa nyingi.

3. Jinsia

Mwanamke hupata madhara kwa kiasi kidogo zaidi cha pombe na kwa miaka michache zaidi kuliko mwanamume. Mwili wake kwa kawaida una maji machache, hivyo kiasi kilekile cha pombe huwa kikali zaidi katika damu yake. Akina mama wanaopika pombe na kuionja siku nzima walizingatie hili kwa namna ya pekee.

4. Homa ya ini aina B na C

Virusi hivi hujeruhi ini vyenyewe. Pombe ikiongezwa, makovu huja haraka na hatari ya saratani ya ini hupanda. Homa ya ini B huenea kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Haiambukizwi kwa kula sahani moja. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002. Kwa hiyo watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga ya chanjo, na wengi wenye virusi hawajijui.

5. Unene, kisukari na urithi

Uzito uliopitiliza na kisukari hujaza mafuta katika ini hata kwa asiyeonja pombe. Vikikutana na pombe, mizigo miwili hubebwa na ini moja. Urithi nao una nafasi yake: wapo waliozaliwa na vinasaba vinavyofanya ini lao kudhurika upesi. Kwa hiyo usijipime kwa rafiki unayeketi naye kilabuni. Uvutaji wa sigara nao huongeza makovu.

6. Lishe duni na sumukuvu

Anayeshindia pombe bila chakula hukosa protini na vitamini za kuponya ini. Aidha, mahindi na karanga zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, inayodhuru ini na kusababisha saratani. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na mlipuko wa sumu hiyo uliogharimu maisha ya watu. Nafaka iliyooza haifai kwa ugali wala kwa kimea cha pombe. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo yote.

Dalili za kutopuuza

Mapema, mtu anaweza asihisi chochote, au akahisi uchovu, kukosa hamu ya kula na kukonda. Baadaye huja macho ya manjano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba na kuvilia damu kirahisi. Kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami au kuchanganyikiwa ni dharura: mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Tumbo kuvimba na kutapika damu huweza pia kuletwa na kichocho cha tumbo, ambacho kina dawa. Vipimo ndivyo vitakavyotenganisha chanzo kimoja na kingine.

Hatua za kuchukua

Kwanza, fika katika kituo cha huduma cha karibu na umweleze mhudumu ukweli kuhusu kiasi unachokunywa. Zahanati ikikosa kipimo, omba rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya.

Pili, pima homa ya ini B. Ukikutwa huna virusi, uliza kuhusu chanjo. Mtu mzima kwa kawaida hupewa dozi tatu ndani ya miezi sita. Dozi moja haitoshi.

Tatu, anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Mwili uliozoea pombe huweza kutetemeka, kupata degedege na hata kuhatarisha uhai siku za mwanzo. Aonane kwanza na mtaalamu wa afya ili aache kwa usalama.

Nne, mnywaji asimeze paracetamoli ovyo kutuliza uchovu wa pombe, kwani dozi kubwa huliumiza ini. Ashauriane na mtoa dawa.

Tano, familia zinazoelemewa zimwone Afisa Ustawi wa Jamii au Mhudumu wa Afya ngazi ya Jamii kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata. Kumtenga mnywaji hakumponyi.

Kuacha pombe kuna faida katika kila hatua: mwenye mafuta katika ini hupona, na hata ambaye ini lake limeanza kusinyaa huongeza matumaini ya kuishi. Kati ya vihatarishi tulivyovitaja, urithi na jinsia hatuvichagui. Vingine vingi viko ndani ya uwezo wetu, na njia ya zahanati i wazi.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Halmashauri ya Wilaya.