KAGUA NYUMBA KABLA YA KULIPA



Hakuna mmoja wetu anunuaye ng'ombe wa maziwa bila kutazama meno yake na kumshika kiwele. Lakini nyumba, ambayo bei yake ni ng'ombe wengi, twainunua kwa kutazama rangi tu.

Mwenzangu mmoja wa hapa Maseno alinunua nyumba katika uwanda wa Kano wakati wa kiangazi. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mpya. Masika yalipokuja, nyufa zilitokea pembeni mwa madirisha zikashuka hata msingini. Muuzaji alikuwa amekwisha kutumia fedha.

Sababu ni hii: udongo mweusi wa Kano huvimba ukinywa maji, na hupasuka ukikauka. Msingi usiopita chini ya udongo huo huinuka na kushuka kila mwaka. Huku Maseno kwenye mawe hatukuzoea jambo hilo, ndiyo maana ndugu yetu hakuliona.

Katika makazi ya Muhoroni, Koru na Songhor wako wanunuao shamba pamoja na nyumba yake ya zamani. Nyumba iliyojengwa kabla ya mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, sasa ina miaka zaidi ya 60. Ichunguzwe vizuri.

Mwite fundi wa majengo aliyesomea kazi hiyo, asiyekuwa rafiki wa muuzaji. Akague haya:

1. Ufa. Ufa mwembamba wa plasta si neno. Ufa uonekanao ndani na nje ni hatari.

2. Mbao. Achome boriti na fremu za milango kwa kisu. Kisu kikizama, mchwa wamekwisha kula. Atafute pia njia zao za udongo ukutani.

3. Paa. Aingie darini mchana. Palipo na mwanga ndipo maji yatakapopita.

4. Maji. Waulizeni majirani mafuriko ya 2020 yalifika wapi.

Mwambie aandike aliyoyaona, na gharama ya kutengeneza. Ukiwa na karatasi hiyo waweza kuomba bei ipunguzwe, au kuacha. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko bei ya msingi mpya.

Fundi hakagui hati. Hiyo itazame katika ofisi ya ardhi, na kibali cha Bodi ya Ardhi kipatikane.

Swali la kujadiliana: Kwa nini ni afadhali kukagua nyumba wakati wa mvua?