Somo: Neno "rob" la Kiingereza, na mabati ya nyumba ya wageni

Masomo: Malaki 3:5-10, Walawi 6:1-5, Hesabu 5:5-8, Luka 10:30-35



Vijana wetu wa Lubumbashi wanaojifunza Kiingereza walituletea ulizo. Wanazo Biblia za Kiingereza zilizotoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Katika Malaki 3:8 walikuta neno "rob", na mwalimu wao alikuwa amewafundisha kwamba neno hilo ni kunyang'anya kwa nguvu, si kuiba kwa siri. Lakini Biblia yetu ya Kiswahili inasema kumwibia Mungu. Basi wakauliza: mwanadamu ana nguvu gani hata amnyang'anye Mungu? Tumeona vema kulijibu hapa, maana ulizo hili linatugusa sisi wazee kuliko wao.

Waingereza wana "steal", ndiyo kuiba. Neno hilo hufuatwa na kitu: mtu ameiba kuku, ameiba baiskeli. Lakini "rob" hufuatwa na yule aliyetendewa: wamemnyang'anya mjane, wamemnyang'anya msafiri. Kitu chenyewe huja nyuma, na mara nyingi hakitajwi kabisa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1968 juu ya wizi inasema hivi: mwizi akitumia nguvu, au akimtia mtu hofu ya kupigwa, wakati wa kuiba au mara tu kabla yake, hapo wizi unakuwa "robbery". Akiingia usiku na kuchukua redio wenyewe wakiwa wamelala, wana neno lingine. Lakini watu wa kawaida wakirudi nyumbani na kukuta mlango umevunjwa, hulia kwa neno lile lile "rob", maana uchungu ni mmoja.

Neno hili liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, na Wafaransa walilipata kwa makabila ya Kijerumani. Mzizi wake ndio mzizi wa neno "robe" ambalo mama zetu wote wanalijua. Zamani "robe" ilikuwa nyara, kitu kilichotekwa vitani. Na kwa sababu waliotekwa walivuliwa nguo zao, neno likabaki kuwa jina la vazi. Sisi tunaovaa kanzu nyeupe tulikumbuke jambo hilo. Tena katika Kiingereza mtu aliyefiwa huitwa "bereaved", na neno hilo nalo ni la ukoo huo huo: mauti imemnyang'anya mtu wake.

Sasa someni Luka 10. Yule aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko alivuliwa nguo kwanza, kisha akapigwa. Biblia ya zamani ya Waingereza, ile ya 1611, inawaita watu wale wezi tu. Biblia yetu inawaita wanyang'anyi, na katika hilo Kiswahili kinafuata Kiyunani vizuri zaidi. Hata wale wawili waliosulubiwa pamoja na Bwana, Kiyunani kinawaita wanyang'anyi, wala si wezi.

Turudi kwa Malaki. Kiebrania kina neno la kuiba kwa siri na neno la kunyang'anya kwa nguvu, lakini nabii hakutumia hata moja kati ya hayo mawili. Alitumia neno la tatu, ambalo ni adimu sana. Nje ya Malaki linapatikana katika Mithali 22:23 tu, na pale habari ni ya maskini: asinyang'anywe kwa sababu ni maskini, maana Mungu mwenyewe atawateka wanaomteka. Basi mmeona njia ya kumfikia Mungu. Hakuna anayepanda mbinguni na panga. Someni mstari wa 5 wa sura hiyo ya Malaki, kabla ya fungu la kumi kutajwa: kuna mfanyakazi aliyepunjwa mshahara wake, kuna mjane, kuna yatima. Na Torati ya Musa, katika Kumbukumbu 14, ilisema fungu la kumi la mwaka wa tatu liwe chakula chao, pamoja na Mlawi na mgeni. Anayelizuia anamnyang'anya mtu asiyeweza kushindana naye. Kwa hiyo vijana, mwalimu wenu amesema kweli, na "rob" imekaa mahali pake.

Tungeweza kuishia hapo, lakini hatungekuwa wa kweli.

Tarehe 23 Septemba 1991 askari wa Kinshasa, ambao mshahara wao ulikuwa haununui kitu, walianza kupora, na raia wakawafuata. Katika Oktoba jambo hilo lilifika Lubumbashi. Januari 1993 Kinshasa iliporwa tena, askari walipolipwa kwa noti za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa. Sisi sote tulisema "pillage". Neno hilo la Kifaransa lilitusaidia kusahau, maana tulilisema kama mtu anavyosema mvua au kipindupindu. Halikutuuliza: ni nani aliyenyang'anywa?

Katika siku zile za 1991 ndugu mmoja alilitolea kanisa mabati ya nyumba ya wageni. Aliyanunua barabarani kwa bei ya chini sana. Sisi wazee tuliijua bei ile, tukashukuru, tukaimba. Hatukuiba, tulisema, wala aliyetuletea hakuiba. Nyumba ikaezekwa.

Baada ya miezi mingi, katika maombi ya usiku, mama mmoja mwenye karama ya unabii alisimama akasema: juu ya vichwa vyenu kuna mtu analia. Hakusema zaidi. Hakuna aliyeuliza maana yake, kwa sababu kila mzee alitazama juu.

Tulipokutana, mwenye duka alikuwa amekwisha kuondoka katika nchi. Ndipo mmoja wetu alifungua Hesabu 5:8, panaposema kwamba mtu akikosa jamaa wa kupokea malipo, malipo yawe ya Bwana, yaani ya kuhani. Tulifurahi upesi mno, na hiyo ndiyo aibu yetu kubwa kuliko mabati. Baba mmoja mkongwe, ambaye hakusoma shule, aliuliza swali moja: mmemtafuta huyo jamaa? Hatukuwa tumemtafuta.

Alikuwako. Mpwa wa mwenye duka alikuwa akiuza chumvi na sabuni sokoni, mwendo wa nusu saa kutoka mahali petu pa maombi. Tulihesabu bei halali ya mabati, siyo ile ya barabarani, tukaongeza sehemu ya tano kama Walawi 6:5 inavyoagiza. Ilituchukua mavuno mawili kuikusanya. Wengine walinung'unika, na familia moja iliacha kusali nasi. Mpwa alizihesabu fedha mbele yetu, akasema atampelekea mjomba wake, kisha akatuuliza kama tunajua habari za mlinzi wa duka lile, aliyepigwa usiku ule mlangoni.

Hatukuzijua. Tulianza kumtafuta siku ile ile.