ELIMU KWA UMMA: JINA NA ANWANI YA KIHIFADHI CHA VIDEO NA SAUTI

Shule, maktaba na vikundi vya kijamii vinavyotunza video za masomo, picha na sauti huweza kuziweka katika kihifadhi kimoja, yaani sanduku lenye diski linalounganishwa na ruta kwa kebo. Kompyuta, simu janja na televisheni husoma kutoka hapo, na somo lililokwisha kupakuliwa hutazamwa na wengi bila kutumia tena bando la intaneti.

Hata hivyo, hutokea umeme ukakatika na kurudi, kisha video zisionekane. Baadhi ya watumiaji hudhani kumbukumbu zimepotea, wakafuta diski ili waanze upya. Hapo ndipo hasara ya kweli huingia, kwa kuwa huenda kilichobadilika ni anwani tu.

Maana ya anwani na jina

Anwani ya IP ni kama namba ya nyumba katika mfumo wa Anwani za Makazi: kila kifaa katika mtandao huwa na yake. Kwa kawaida ruta hugawa anwani za muda, na kifaa kikizimwa na kuwashwa huweza kupewa nyingine. Kwa simu ya mgeni jambo hilo halina madhara. Kwa kihifadhi kinachotafutwa na watu wote, ni sawa na zahanati kuhama usiku bila kuacha kibao.

Jina ni msaada kwa binadamu, kwani maktaba-kata hukumbukwa kwa urahisi kuliko 192.168.1.20.

Hatua za kufuata

1. Msimamizi afungue ukurasa wa ruta na kuandika anwani ya ruta yenyewe, kwa mfano 192.168.1.1, pamoja na fungu la anwani ambazo ruta huzigawa, kwa mfano kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199.

2. Achague anwani iliyo nje ya fungu hilo na isiyotumiwa na kifaa kingine, kama 192.168.1.20. Vifaa viwili vikipewa anwani moja, vyote viwili husumbua.

3. Katika mipangilio ya kihifadhi, aondoe upokeaji wa anwani ya muda na kujaza anwani ya kudumu. Namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao huwa 255.255.255.0 katika mfano huu, na lango la kutokea huwa anwani ya ruta.

4. Aweke jina fupi lisilozidi herufi 15, lenye herufi, tarakimu na kistari pekee. Lisiwe na nafasi, wala lisianze au kuishia kwa kistari. Jina hilo lisitumiwe na kifaa kingine katika mtandao huo.

5. Ahifadhi mabadiliko. Ukurasa wa mipangilio utaonekana kuganda, kwa sababu kifaa kimekwisha kuhamia anwani mpya. Asikirudishe katika hali ya kiwandani, bali afungue ukurasa kwa anwani mpya.

Kutambua chanzo cha tatizo

Kihifadhi kikifunguka kwa anwani lakini kikakataa kwa jina, kasoro iko katika utambuzi wa majina, na kumbukumbu ziko salama. Kisipofunguka kwa njia yoyote, kebo, umeme na ruta vikaguliwe kwanza. Kifaa kinachosubiri anwani kutoka kwa ruta kikionyesha anwani inayoanza na 169.254, maana yake hakikuipata. Katika hali zote hizo, diski isifutwe.

Usalama wa kumbukumbu

Anwani zinazoanza na 192.168 ni za mitandao ya ndani na hazifikiwi moja kwa moja kutoka intaneti. Kinga hiyo hudhoofika endapo ruta itafunguliwa njia ya kuingilia kutoka nje. Hivyo njia hiyo isifunguliwe pasipo ushauri wa mtaalamu. Nywila iliyokuja na kifaa ibadilishwe siku ya kwanza. Picha na sauti zinazomtambulisha mtu ni taarifa binafsi, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mwisho, jina na anwani ya kila kifaa viandikwe katika daftari la ofisi, ili msimamizi akihama, anayempokea asianze kwa kubahatisha.