Valvu ya Njia Moja na Msukumo Uifunguao

Watu wengi wana tangi la maji juu ya jukwaa, au pampu penye kisima. Katika mabomba yao huwamo kifaa kidogo kinachoyaacha maji yapite upande mmoja tu, kiitwacho valvu ya njia moja. Mara nyingi mnunuzi hutazama unene wa bomba tu, asiulize msukumo wa kuifungulia valvu ni kiasi gani. Kwa kosa hilo aweza kukosa maji hali tangi limejaa.

Maana ya kipimo hicho ni nini? Ndani ya valvu nyingi mna kifuniko kinachobanwa na springi. Maji hayapiti mpaka yaishinde springi hiyo. Msukumo wa kufungulia ni tofauti ndogo kabisa, baina ya msukumo wa upande wa kuingilia na ule wa upande wa kutokea, iwezayo kuanza kukisogeza kifuniko. Neno "kuanza" lishike sana. Hapo maji hupita kidogo tu. Ili valvu ifunguke wazi, msukumo zaidi wahitajiwa.

Mwenye baiskeli ya valvu ya mpira analijua jambo hili. Hata gurudumu likiwa tupu, pampu huwa nzito, kwa sababu hewa lazima kwanza iutanue ule mpira.

Sasa tufanye hesabu. Maji yenye kimo cha mita 10 hutoa msukumo wa karibu baa 1. Tuseme maji ya tangi lako yako mita 2 juu ya bilula. Basi una baa 0.2 tu. Ukitia valvu itakayo baa 0.3, haitafunguka kamwe, na fundi atalaumiwa bure. Ukitia ya baa 0.03, itaanza kufunguka kwa kimo cha sentimita 30 tu.

Penye kisima yafaa kuangalia zaidi. Pampu iliyo juu ya ardhi huvuta maji kwa msaada wa uzito wa hewa. Uzito huo hauwezi kuyainua zaidi ya mita 10 hivi pwani, na mita 8 na nusu hivi Nairobi. Na kwa kazi halisi ni pungufu ya hapo. Valvu ya baa 0.1 chini ya bomba la kuvutia itakupunguzia mita 1 nzima.

Je, springi laini ndiyo bora siku zote? La. Springi hukifunga kifuniko upesi, kabla maji hayajarudi kwa kishindo kiwezacho kupasua mabomba. Nayo ikiwa dhaifu mno, mchanga kidogo waweza kuizuia isifunge sawasawa, na maji machafu yakarudi katika maji ya kunywa.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, pima kimo cha maji yako, ukiandike, kisha umwulize mwenye duka: "Valvu hii huanza kufunguka kwa msukumo gani?"