Avignon: Mji ambao Papa aliununua

Ndugu msomaji, tunapozungumzia utawala wa Papa, wengi wetu hufikiria Roma na kile kidola kidogo cha Vatican kilichotokana na mkataba wa mwaka 1929. Wachache wanajua kwamba kwa zaidi ya miaka 500 Papa alikuwa na ardhi yake kusini mwa Ufaransa, akiitawala kama mfalme mwingine yeyote.

Hebu tutazame aliipataje. Jimbo la Comtat Venaissin lilikuwa la watawala wa Toulouse. Kanisa likawatuhumu kuwalinda Wakathari, Wakristo waliohesabiwa kuwa wazushi, na mwaka 1209 ikaanza vita ya msalaba dhidi yao. Naam, vita ya msalaba, Wakristo kwa Wakristo! Suluhu ya mwaka 1229 ikawanyang'anya ardhi hiyo, na mwaka 1274 Mfalme Philip III akamkabidhi Papa.

Mji jirani wa Avignon ulipatikana kwa fedha. Mapapa walikuwa wakiishi humo tangu mwaka 1309 kama wapangaji tu, kwani mwenye mji alikuwa Joanna, Malkia wa Naples. Mumewe aliuawa mwaka 1345, naye akashukiwa. Ndugu wa marehemu, mfalme wa Hungary, alipomvamia, Joanna akakimbilia kwa Papa Clement VI. Mwaka 1348 Papa akaununua mji kwa fiorini 80,000, na malkia akaonekana hana hatia. Mimi sisemi kwamba hukumu ilinunuliwa pamoja na mji, lakini muuzaji alikuwa mshitakiwa, na mnunuzi ndiye hakimu. Wakazi wa Avignon hawakuulizwa.

Mapapa walirejea Roma mwaka 1377, ila ardhi hawakuiachia. Waliwaweka wawakilishi wao kutawala. Wafalme wa Ufaransa waliiteka mara kadhaa walipogombana na Roma, kisha wakairudisha.

Kuna jambo moja linalonishangaza. Wayahudi walipofukuzwa Ufaransa, hapa kwa Papa waliruhusiwa kubaki. Lakini waliishi vipi? Walisongamana katika mitaa yao, milango ikifungwa usiku, na wanaume wakilazimishwa kuvaa kofia za njano. Sinagogi la Carpentras, lililoanzishwa mwaka 1367, lipo hadi leo.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, watu wakaulizwa kwa mara ya kwanza. Avignon wakataka Ufaransa, Carpentras wengi wakamtaka Papa, na damu ikamwagika. Septemba 1791 Bunge la Ufaransa likatangaza kuichukua ardhi yote. Mwezi uliofuata watu wapatao 60 waliuawa ndani ya kasri lile lile la Mapapa.

Papa Pius VI alilazimishwa kuridhia kwa mkataba wa Tolentino mwaka 1797. Wakubwa wa Ulaya walipokutana Vienna mwaka 1815 walimrudishia Papa sehemu kubwa ya ardhi zake za Italia. Avignon ikabaki kwa Wafaransa.